Miaka 11 nikigeuza wagonjwa Goma, halafu nikabuni mto wa kukalia. Mto wenyewe ukaumiza mtu (uzi mrefu)

#1 Mama_wa_Ndosho

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mwaka mzima nimesoma humu bila kuandika neno. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza, na ni mrefu, kwa hiyo mwenye mega chache auhifadhi asome usiku.

Mimi ni garde-malade hapa Goma. Kwa walio nje ya Kongo: ni yule anayelipwa na familia akae na mgonjwa, nyumbani ama hospitalini, amuogeshe, amlishe, amgeuze, amsaidie haja. Si muuguzi, sina diplomu yoyote. Nilijifunzia kwa mama mkwe wangu niliyemuuguza miaka minne. Alipofariki, jirani akaniita kwa baba yake, na tangu hapo ni miaka 11 sijakaa bila mgonjwa. Mtu akiniuliza kazi namwambia ninalinda wagonjwa, ananiangalia kama nimesema ninalinda magari.

Mwaka jana nilichukua kazi Himbi, kwa Papa mmoja aliyepigwa na AVC, yaani kiharusi. Upande wa kushoto ulikuwa hauna habari naye tena. Aliendesha malori ya Butembo miaka mingi, mtu mrefu, mzito, mdomo mkali. Nilipofika, ngozi ya chini ya kiuno, pale mkia ungeota kama tungekuwa nao, ilikuwa imeanza kubadilika. Wauguzi wanaita eskari, vidonda vya kulalia. Nimeviona vikifika mfupani. Harufu yake ukishaijua inakufuata, unaikuta kwenye kitenge ulichokwisha kufua mara tatu.

Dawa yake ya kwanza kila garde-malade anaijua: mgeuze mgonjwa kila saa mbili. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu, na isipopata damu inakufa. Mchana niko mimi. Usiku ni zamu ya familia, na asubuhi nilikuwa namkuta Papa vile vile nilivyomwacha, hata mkunjo wa shuka haujahama. Siwalaumu. Binti yake anaamka saa kumi kwenda sokoni.

Sasa siku moja nilishuka Birere kutafuta sabuni. Kijana mmoja alikuwa anavalisha gurudumu la chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kipande cha tairi kuukuu, anapigilia misumari. Juu yake mipira ya ndani ya matoroli imetundikwa kama soseji. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau njia. Kichwa kinaniambia: chukua ule mduara, ujaze upepo nusu, uvike kitenge, mkalishe Papa juu yake. Mfupa utaingia kwenye tundu, hautagusa kitu. Kisichoguswa hakiumii, si ndiyo?

Nikanunua. Jioni ile ile ukawa tayari, na kitenge cha maua. Papa akacheka mpaka akakohoa: "Nimekalia tairi kumi maisha yangu yote, leo mmeniachia moja."

Siku hizo kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa anakuja kumfanyisha mazoezi alikuwa ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp. Humo kuna mafundi wa kuchomelea, vijana wa umeme wa chuoni, wauguzi, na watu wanaotumia viti vya magurudumu wenyewe. Wako Goma, Bukavu, Lubumbashi, hata Bujumbura na Kigoma. Kazi yao ni kutengeneza vitu vya kusaidia wagonjwa na walemavu kwa vifaa vinavyopatikana sokoni kwetu. Sikudhani mtu kama mimi anaruhusiwa kuongea. Wiki tatu nilichoandika ni "pole" kwa mmoja aliyefiwa, basi. Siku ya mto nikajitosa, nikatuma picha.

Jamani! Magumba 40 na ushee. "Bravo Mama." "Mama mbunifu." Mmoja akasema nifungue kampuni. Usiku ule nililala nikijiona nimesoma.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa muuguzi mmoja wa Bukavu: "Mama, hongera kwa mikono yako. Nakuomba kitu kimoja. Mgeuze Papa, ubonyeze kwa kidole ngozi iliyokuwa kwenye tundu, uachie. Kisha uniambie umeona nini."

Nilikasirika. Yuko Bukavu, mgonjwa wangu hajamtia machoni, ananituma kama mtoto. Nikazima data siku mbili.

Siku ya tatu namuogesha Papa, nikaona. Ngozi ya katikati imejaa, imechomoza ndani ya ile alama ya mduara kama andazi. Ina joto. Imekolea weusi kuliko kando. Nikabonyeza, nikaachia. Haikubadilika chochote: ngozi imeshaumia.

Ule mto wa mduara ni pete, na pete inabana mzunguko wote, na damu ya kwenda katikati inapita huko huko palipobanwa. Sisi wa Goma hatuhitaji kuchorewa: tunajua mji uliofungiwa barabara zote unakuwaje, hata kama katikati yake hakuna aliyegusa nyumba.

Nikaitoa ile pete. Kumwambia binti wa Papa kwamba mto niliousifia wiki nzima ndio umeharibu ngozi ya baba yake, hapo miguu ilitetemeka. Alinyamaza muda mrefu. Papa ndiye aliyesema, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja: "Weka rivasi."

Naenda kumpa dawa ya saa nane. Narudi na sehemu ya pili.

#2 Kijana_wa_Majengo

Nimetandika mkeka hapa. Shikamoo Mama, usichelewe.

#3 Bei_ya_Leo

Samahani Mama, lakini hii si kuchezea mgonjwa? Magodoro ya upepo yapo, yanauzwa, yametengenezwa na watu waliosoma. Kila mtu sasa anataka kuitwa mbunifu.

#4 Chukudu_Hakichoki

@Bei_ya_Leo na chukudu alichonga nani, daktari wa mbao?

#5 Mama_wa_Ndosho

Nimerudi. Nianze na @Bei_ya_Leo maana swali lake lina haki.

Godoro la upepo ninalijua, nimelifanyia kazi nyumba mbili. Ndani yake kuna mirija inayojaa na kulegea kwa zamu, mmoja ukipanda mwenzake anashuka, kwa hiyo hakuna sehemu ya mwili inayobanwa muda mrefu. Ni kitu kizuri sana. Ila pampu yake inataka umeme usiku na mchana. Katika nyumba ya kwanza umeme ulikatika saa tatu usiku, na saa kumi na mbili asubuhi bibi wa watu alikuwa amelalia mbao za kitanda, katikati yao ni plastiki tu. Na tangu benki za hapa zifungwe mwanzoni mwa 2025, mwenye dola za kununua godoro lile anazihesabu mara tatu kwanza.

Kuhusu kuchezea mgonjwa, hapo umenishika. Nilipaswa kuuliza kabla ya kumkalisha. Niliuliza baada.

Nikawasha data, nikamwomba yule muuguzi msamaha kwenye kundi, mbele ya watu wote. Akajibu kama hakuna kilichotokea: "Sasa tuanze kazi." Tukaanza. Yeye anasema mwili unataka nini, fundi mmoja wa magodoro wa huku kwetu anasema sponji inaweza nini, mimi naijaribu na kuleta majibu. Ila sasa kabla ya Papa nakalia mimi mwenyewe saa nzima, na baada yake naangalia ngozi kila mara.

Mto wa pili una tabaka mbili. Chini sponji ngumu sentimita 5, juu laini sentimita 5. Ile ya juu nimeichanja kwa kisu cha mkate, mistari ya urefu na ya upana, vipande vya kama sentimita 4, kisu hakifiki chini. Ukiuangalia ni kama shamba lenye matuta pande mbili. Kila kipande kinashuka peke yake, mfupa unazama kidogo na nyama ya kando inabeba uzito. Hakuna tundu.

Ukanishinda tena! Safari hii kosa lilikuwa kifuniko. Niliogopa mkojo, nikaufunika na turubai, nikalivuta likakaza kama ngoma. Muuguzi akanifundisha kupima: ingiza mkono chini ya mto, kiganja juu, pale penye mfupa. Kati ya mkono na mfupa lazima pabaki sponji ya unene kama sentimita 2 na nusu. Pakipungua, mgonjwa amekwisha gonga chini. Papa alikuwa hajagonga chini, alikuwa hajazama hata kidogo! Turubai lililokaza lilimbeba kama ubao, matuta yangu yote yamelala bure. Fundi akaniambia tafuta kitambaa kinachovutika. Nikakata jezi kuukuu ya Mazembe ya mjukuu, nikaivalisha juu ya nailoni laini iliyolegea. Ikakubali.

Visigino havikuhitaji ubunifu wowote. Weka mto kwa urefu chini ya shavu la mguu, goti likunjwe kidogo, kisigino kining'inie hewani. Karatasi ipite chini bila kugusa. Miaka yote nilikuwa naviwekea mto chini ya visigino vyenyewe, Mungu anisamehe.

Halafu usiku. Hapo ndipo nilipoumiza kichwa kuliko kwenye sponji.

Kengele ya simu haikufaa, simu yenyewe usiku ni ya wajukuu na asubuhi imezimika. Kijana mmoja wa kundi alikuja na kifaa chake chenye waya, cha kulia Papa asipohama. Kikawa kinalia Papa akikohoa, kinalia mtu akikaa kitandani, kinalia bila sababu. Usiku wa pili Papa aliomba kitupwe ziwani.

Nikachukua kipande cha triplai, nikachora duara. Picha tatu za mtu kitandani: kulia, mgongo, kushoto. Mshale wa bati katikati, msumari mmoja. Anayemgeuza anasogeza mshale, kisha anachukua punje ya haragwe kwenye bakuli anaitia kwenye kopo. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili ni punje 4. Nikiingia asubuhi, kabla ya salamu nahesabu.

Usiku wa kwanza: punje 1. Wa pili: 2. Wa tatu: 4! Nikamsifu mjukuu, kisha nikamfunua Papa, nikakuta mikunjo ya shuka imechapika mgongoni kama ramani. Kijana alikuwa ametia punje zote 4 kwa mkupuo akaenda kulala. Tulicheka, lakini nilimvuta akaguse ile ngozi ya babu yake kwa mkono wake. Tangu siku hiyo hajadanganya.

Kidonda kilifunga wiki ya saba. Nikauleta ubao kwenye kundi, baadhi wakanicheka: ubunifu uko wapi, maharagwe na bati? Sawa. Sponji ninaipenda, lakini mkinilazimisha kuchagua nitaiacha, nitabaki na kopo.

#6 Nesi_wa_Kadutu

Ndimi yule wa Bukavu. Mama hajasema kwamba aliniita "wewe binti" kwenye ujumbe wa kwanza kabla ya kuzima data 😂. Nimemsamehe.

Niongeze mambo machache kwa walezi wanaosoma. Vitabu tulivyofundishiwa vinasema tafuta wekundu. Wekundu huo ni wa ngozi nyeupe. Kwa ngozi zetu mtangoja mpaka kidonda kipasuke. Angalieni sehemu iliyokolea kuliko jirani zake, inayoelekea zambarau, na mguse kwa mgongo wa mkono: pana joto ama baridi kuliko kando? Pamekuwa pagumu, ama laini kama embe lililoiva mno? Mgonjwa analalamika kuuma? Hizo ndizo dalili.

Msisugue pale palipobadilika. Najua tumezoea kukanda na mafuta, lakini nyama ya ndani tayari imechoka, unaipasua. Ukimlaza ubavu usimsimamishe wima juu ya nyonga, mlalishe nusu, kama nyuzi 30, mto mgongoni. Na anayekaa kwenye kiti asingoje saa mbili. Ainuliwe ama ainamishwe kidogo kila robo saa hadi nusu saa.

Kwa @Bei_ya_Leo: mwaka 1962 Uingereza walitoa utafiti ambao muuguzi Doreen Norton alikuwa mmoja wa waandishi wake, kuhusu wazee wodini. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha maswali matano: hali ya mwili, akili, kutembea, kujigeuza, kushindwa kujizuia haja. Kila swali lina alama 1 hadi 4, na mwenye jumla ya 14 kushuka chini yuko hatarini. Karatasi na kalamu tu, na bado kinatumika. Haragwe la Mama lina ukoo.

#7 Lushois_Damu

Mama, salamu toka Lubumbashi, commune ya Katuba. Mambo ya mto nimekubali, mambo ya haragwe nimekubali. Lakini jezi ya Mazembe! Mabingwa wa Afrika mara 5, leo tumekuwa foronya? Kule Goma hakukuwa na jezi ya timu ingine?

Nikitoka kwa mchezo: mama yangu amelala toka mwezi wa tano, na ule dada tulimulipa amutunze anamuweka kwenye pete kama yako ya kwanza. Pete ya kununua, ya famasi. Leo jioni naitoa mimi mwenyewe.

#8 Mama_wa_Ndosho

@Lushois_Damu Papa ni wa Mazembe damu, amesema hakuna heshima kubwa kuliko hiyo 😂. Mwanangu, itoe, lakini usimgombeze dada. Mimi nilikuwa yeye. Mkae naye, mwangalie ngozi pamoja.

#9 Fundi_wa_Sponji

Neno kwa watakaojaribu. Kuna vijana wanakata sponji kwa waya wa moto, inatoka imenyooka vizuri, lakini moshi wake ni sumu kweli. Msifanye ndani ya nyumba, na kwangu mimi msifanye kabisa. Kisu cha mkate kirefu, kikali, uikandamize sponji kwa ubao kisha ukate polepole. Mstari ukipinda hakuna atakayeona, kuna jezi juu.

#10 Nilikuwa_Riposte

Uzi huu umenirudisha 2018. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti mwaka huo, na nilifanya usafi kwenye kituo kimoja kule Beni. ALIMA, shirika la matibabu, walileta kile wanachokiita CUBE, chumba cha plastiki inayoona ndani, kuta zake zina mikono ya glavu. Muuguzi alimhudumia mgonjwa kutoka nje bila kuvaa yale mavazi ya kukupika. Watu walisifu usalama. Mimi nakumbuka mke wa mtu mmoja aliyeketi nje kwenye kiti cha plastiki anamsimulia mumewe habari za mbuzi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasema ndugu zao wakiingia mle wanakatwa viungo. Yule mama alikuwa anamuona mumewe mzima mzima.

Sijui kwa nini nimeandika hili. Endeleeni.

#11 Mama_wa_Ndosho

@Nilikuwa_Riposte umefanya vizuri kuliandika. Nakumbuka ilipofika Goma Julai 2019, nyumba niliyokuwa nalinda walininyima mkono mwezi mzima. Nilikuwa namuogesha baba yao, lakini mkono wangu hawautaki.

#12 Binti_Keshero

Mama samahani, swali la pembeni. Shangazi ana kiti cha magurudumu cha msaada, lakini kwetu Keshero ni mawe ya volkano matupu. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vinaingia kati ya mawe na shangazi ameanguka mara mbili kifudifudi. Kuna namna?

#13 Chukudu_Hakichoki

Hilo nijibu mimi. Gurudumu dogo na jembamba ni la sakafu ya hospitali. Kuna Mmarekani, Ralf Hotchkiss, alipooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, akageuka fundi wa viti vya njia mbaya. Viti vyake vina magurudumu ya mbele mapana ya mpira laini, aina iliyotoka kwa mafundi wa Zimbabwe, na yamesogezwa mbele zaidi ili kiti kisipinduke. Ukikiangalia kiti cha namna ile na chukudu utaona ni mawazo ya jamaa mmoja: pana, refu. Leta kiti Birere tukipime. Ila shangazi aje na kiti chake. Sipimi kiti kisicho na mtu, nimejifunza kwenye uzi huu.

#14 Bei_ya_Leo

Nakubali nilianza vibaya. Mama, unauza bei gani? Na hati ya ubunifu umechukua? Watakuibia.

#15 Mama_wa_Ndosho

Nimeshona saba mpaka sasa. Ninachukua pesa ya sponji na ya kushona, basi. Kila mto unaotoka naenda nao mwenyewe kuupima kwa mkono chini ya mgonjwa, kwa hiyo siwezi kutengeneza mia.

Hati sina. Sponji ya kuchanjwa ilikuwepo kabla yangu, muuguzi aliniambia mapema nisije nikajisifu. Kuna shirika moja walikuja, wakapiga picha nyingi za mikono yangu, wakaniomba "mpango wa biashara" wa kurasa 12 kwa Kifaransa. Niliandika mbili. Hawajarudi. Picha za wagonjwa hawakupata hata moja, Papa aliwaambia yeye si kituo cha petroli.

Kazi yangu bado ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kine akifika ananiuliza kwanza mimi, "Mama, ngozi inasemaje leo?", kisha ndipo anafungua begi lake.

#16 Kijana_wa_Majengo

Mama swali la mwisho kabla sijakunja mkeka. Jana usiku punje ngapi?

#17 Mama_wa_Ndosho

3. Nimekaa hapa mlangoni nangoja mjukuu aamke, anieleze ya nne iko wapi.